Jandira wa Tanuri na Ganzi ya Dada Yake

Miaka minne ya kwanza, Jandira Prates alifagia chumba cha tanuri bila kuruhusiwa kuligusa tanuri lenyewe. Ilikuwa maabara ya vioo mjini São Carlos, naye aliajiriwa kupiga deki, kuosha vikombe vya kahawa na kuokota vipande vya kioo vilivyovunjika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mfupi, mwenye mabega mapana ya watu wa kwao, wachuma machungwa baba na mama. Tena alikuwa na tabia moja iliyowakera watu mwanzoni: hakuweza kuona kazi inafanyika bila kutaka kujua inafanywaje.

Fundi wa tanuri, mzee Osmar, hakuwa mtu wa maneno. Alipima mchanga mweupe, magadi, chokaa na fosfeti, akavichanganya, akavitia kwenye chungu cha platini na kukisukuma motoni. Kisha akasubiri. Jandira alisubiri naye, fagio mkononi, mpaka mzee akaacha kumuuliza kama sakafu haijaisha.

Siku moja mgongo ulimshika mzee Osmar hata akashindwa kuvaa viatu. Profesa Eurico Zampieri, mkuu wa maabara, akaamua kumwaga kioo mwenyewe. Mara ya kwanza kikatoka kizito, kinavutika kama asali iliyolala. Mara ya pili kikatoka na mabonge meupe. Alipokuwa anavaa glavu kwa mara ya tatu, akasikia sauti nyuma yake.

"Profesa, unakitoa mapema."

Akageuka. "Nakitoa nini?"

"Chungu. Mzee Osmar hakigusi wakati ukingo wake bado unaonekana. Anangoja mpaka ndani kuwe kweupe pote, chungu na moto usivitofautishe. Hapo ndipo anashika koleo."

"Na wewe umejuaje hayo?"

"Miaka minne naangalia, Profesa. Sakafu haichukui muda wote huo."

Profesa alitaka kukasirika, akashindwa. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kidirisha cha tanuri, na wote wawili wakatazama. Baada ya nusu saa ukingo wa chungu ukayeyuka machoni, pakabaki mwanga mtupu. Kioo kilipomwagwa kwenye sahani ya chuma kilitiririka kama maji, kikatulia, safi, bila hata kiputo kimoja.

Wiki iliyofuata Jandira alipewa glavu zake. Mzee Osmar alipostaafu, tanuri likawa lake. Alikuwa ameishia darasa la nane, kwa hiyo akajiandikisha kwenye masomo ya watu wazima, akasoma kemia pamoja na waashi na wauza duka, akamaliza sekondari akiwa na miaka thelathini na mbili. Wanafunzi wa udaktari walikuja na kuondoka. Waliokuwa na akili walijifunza mapema kumsalimia kwanza ndipo waulize swali. Alijua kinu kimesaga kiasi gani kwa kukisikiliza kutoka chumba cha pili. Alijua mchanga umenyonya unyevu kwa jinsi unavyoshika kijiko. Na kila unga alioutoa kinuni aliusugua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, na matone mawili ya maji, kabla hajaupeleka kwenye mashine yoyote ya kupima. Mashine zilikuja kusema lile lile alilokwisha kusema yeye.

Kioo hicho hakikuwa cha madirisha. Kilitengenezwa kwa ajili ya mwili. Kwanza watafiti walikitaka kwa mifupa. Baadaye, Jandira akiwa amefika arobaini, Profesa akaja na ombi jipya: kioo kilekile, kipitishwe motoni mara ya pili mpaka kiwe na chembechembe ndani yake, kisha kisagwe laini kuliko poda ya mtoto.

"Cha nini safari hii?" Jandira aliuliza.

"Meno. Meno yenye ganzi, yanayouma yakiguswa na baridi."

Jandira aliacha alichokuwa anafanya. "Nieleze taratibu, Profesa."

Profesa akachukua chaki. Akachora jino, na gamba lake gumu la nje. Akaeleza kwamba gamba likilika, chini yake kuna tabaka lenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu, na kila kitundu kinaelekea kwenye mshipa wa fahamu. Baridi ikigusa, au sukari, au hata upepo, maji yaliyomo vitunduni yanatikisika na mtu anaruka. Unga huu ukiingia mle na kukutana na mate, unatoa chokaa na fosfeti, na vitu hivyo vinajijenga kuwa madini yaleyale ambayo jino limeumbwa nayo.

"Kwa hiyo unaziba nyufa kwa udongo uleule wa ukuta," Jandira alisema.

"Ndiyo. Ikiwa tumepatia."

"Na kama hatujapatia?"

"Basi tumetengeneza vumbi la bei ghali. Kwa nini umekuwa hivyo? Wewe meno yako si mazima?"

"Yangu mazima," alisema Jandira. "Nilikuwa namfikiria mtu."

Mtu huyo alikuwa Doralice, dada yake, aliyemzidi miaka minane. Mama yao alifariki Jandira akiwa na miaka sita, na baba akawa mtu wa kwenda na kurudi. Doralice akaacha shule siku ileile, akatundika mfuko wa turubai begani, akaenda kuchuma machungwa karibu na Matão ili mdogo wake asikose daftari. Hakuacha tena. Miaka thelathini na minne alipanda ngazi na kushuka, na kama wachumaji wote alikula machungwa kutwa, mabichi na mabivu, kwa sababu yako mkononi na yanakata kiu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke msafi, kila alipomaliza kula alipiga mswaki kwa nguvu, kwa mswaki mgumu, jino hadi jino. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tindikali ya chungwa hulainisha gamba, na mswaki unaofuata hapohapo hulikwangua.

Alipofika arobaini na minane, meno yake yalikuwa mazuri kuyatazama na mabaya kuishi nayo. Maji yake ya kunywa aliyaacha juani mpaka yawe vuguvugu. Aiskrimu alikuwa ameisahau ladha. Asubuhi za Juni, wakati shamba lina ukungu na hewa inakata, alijifunga mtandio mdomoni na kupumua kwa pua tu, na wenzake hawakuacha kumtania.

"Jamani, jambazi kaja!" Zefa, rafiki yake, alipiga kelele kutoka juu ya ngazi. "Ficheni machungwa!"

"Zefa, nikifungua mdomo huu leo utajuta."

"Ufungue! Mwaka mzima sijaona meno yako. Au umeyauza?"

Doralice alicheka, na alipocheka aliweka kiganja mdomoni, si kwa aibu, bali kuzuia upepo.

Majaribio yaliongozwa na Daktari Noemi Castelan, daktari wa meno aliyekuwa na kliniki yake mjini, mwanamke mwembamba aliyesema haraka na kusikiliza polepole. Alihitaji watu sitini wenye ganzi. Nusu wangepewa unga wa kweli, nusu wangepewa unga wa kioo cha kawaida usiofanya lolote, ulionunuliwa ukiwa umeshasagwa, wote katika vichupa vya namna moja vyenye namba tu. Nani amepata kipi, hakuna aliyejua, si mgonjwa, si daktari. Orodha ilikaa kwenye bahasha iliyofungwa, kwa karani ambaye hakuingia kliniki wala maabara.

Jandira alikwenda kwa daktari kabla ya yote. "Daktari, nina dada. Ganzi yake ni ya kutisha. Lakini mimi ndiye ninayesaga unga. Nakwambia mapema, usije ukasikia kwa watu."

Daktari Noemi alifikiri. "Vichupa havijazwi na wewe. Namba huzijui. Mlete."

Doralice akachunguzwa, akapulizwa hewa kidogo kwenye meno, akaruka kitini na kumwita daktari jina ambalo halisemwi kanisani. Daktari Noemi akacheka na kumwandika. Alipewa kichupa na maelekezo: kila asubuhi baada ya kupiga mswaki, chukua unga kidogo, tone moja la maji, paka kwenye meno, hasa yanapokutana na fizi, subiri dakika tano. Wiki sita.

"Mdogo wangu kanitengenezea dawa," aliwaambia wachumaji kwa majivuno. "Kwa mkono wake. Kwenye moto unaoweza kuyeyusha trekta."

Wiki ya nne, Jumapili, Jandira alipanda basi kwenda kumwona. Doralice alikuwa amepika kuku na mahindi mabichi, na ubwabwa wenye maharage, na mezani palikuwa na jagi la maji ya ndimu lenye barafu kwa ajili ya mgeni. Walikula, wakawasema majirani. Kisha Doralice, kwa ujasiri wa kujaribu, akajimiminia glasi ya yale maji ya barafu, akanywa funda moja.

Uso wake ukajikunja wote. Akaiweka glasi chini taratibu, macho yamejaa machozi, akasubiri maumivu yapite.

"Nilidhani labda leo," alisema.

"Dada, unapaka kila siku?"

"Kila siku iendayo kwa Mungu. Jandira, hebu niambie ukweli. Hii dawa yenu mmetia ngano? Kama ndivyo, mbona hata keki haijaumuka?" Akainuka, akakileta kichupa, akaonyesha anavyofanya: unga kidogo kiganjani, tone la maji. Kidogo kikadondoka mezani.

Jandira hakukusudia. Mkono wake ulifanya peke yake kile ulichofanya kila siku kwa miaka mingi: ukaokota lile tone, ukalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

Unga wake ukikutana na maji huteleza. Huteleza kidogo tu, kama maji ya magadi, kama sabuni iliyokwisha kusuuzwa karibu yote. Huu haukuteleza. Ulikuwa mchanga laini uliolowa, basi.

Akaufuta kwenye kitambaa cha meza, akainua macho, akamkuta dada yake anamtazama.

"Umejua," alisema Doralice.

"Sijajua kitu."

"We mtoto, nimekutoa chawa mimi. Ukidanganya pua yako inatoka jasho tangu una miaka sita. Umegusa tu ukajua. Wamenipa ule wa uongo."

"Dada, siwezi kusema neno lolote."

"Usiseme. Nenda kazini kesho, chota kijiko kimoja cha ule wa kweli, uniletee. Kijiko! Sijakuomba gunia."

Nje jirani alikuwa anaosha pikipiki na redio imewashwa.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili. Kuna watu sitini. Kila mmoja ameambiwa hivyohivyo, asubiri. Nikikuletea wewe, daktari ataandika kwamba unga wa uongo umeponya, na hesabu yote itakuwa ya uongo. Halafu sijui kama unaponya. Ndicho tunachotafuta, dada. Mimi natengeneza vizuri, lakini sijui. Sitakupaka mdomoni kitu nisichokijua."

"Mimi nilikujua?" Doralice alisimama, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo ambalo kwake lilikuwa baya kuliko kupiga kelele. "Nilijua utakuwa nani nilipopanda ile ngazi? Nilipanda tu. Sikuuliza hesabu ya mtu."

Jandira alilia akiwa amekaa wima, mikono magotini, bila kuufunika uso.

"Basi lako ni saa tisa," alisema Doralice. "Usichelewe."

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha tanuri, Jandira alikwenda kliniki akasimama mbele ya meza ya Daktari Noemi. Alieleza yote: maji ya ndimu, tone la mezani, kidole gumba.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Lakini amejua. Ananisoma usoni, Daktari, siwezi kumzuia. Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Kama mimi nimeweza kutofautisha kwa vidole, mwingine naye anaweza. Labda hatajua maana yake. Lakini mtu na ndugu yake wakiwa wote kwenye majaribio, wakiweka vichupa vyao pamoja, watasema, mbona wako unateleza na wangu hautelezi?"

Daktari Noemi aliweka kalamu chini. Kisha akainuka, akatoa vichupa viwili vya akiba kwenye kabati, akatia unga na maji kiganjani, akasugua. Alirudia mara tatu. Mara ya nne akafumba macho.

"Sihisi tofauti yoyote," alisema. "Ah. Subiri." Akasugua tena. "Mungu wangu."

Mchana huo waliitana maabara, na Profesa Eurico hakulipokea jambo hilo kwa utulivu. "Hakuna binadamu anayesugua dawa ya meno vidoleni kama anaonja chumvi ya maharage! Ni wewe tu, Jandira! Ni wewe peke yako katika jimbo zima!"

"Inawezekana, Profesa."

"Wiki nne! Watu sitini!"

"Najua. Mimi ndiye niliyesaga."

"Ungeweza kunyamaza."

Alilisema kwa hasira, na mara tu lilipotoka akaonekana kulitamani lirudi. Jandira alimtazama bila chuki.

"Ningeweza," alisema. "Halafu siku mtu mwingine angekuja kugundua, mngeulizwa wote, na jibu lingekuwa nini?"

Profesa alikwenda dirishani. Aliporudi aliuliza swali moja tu: inawezekana kutengeneza unga wa uongo unaoteleza? Jandira akasema ataujaribu.

Daktari Noemi akawaandikia watu sitini barua, akawaomba radhi na kuwashukuru, akavikusanya vichupa. Majaribio yangeanza upya, na watu wapya. Ndugu wa wafanyakazi hawangeingia tena, wawe akina nani.

Jandira alifanya kazi ya unga wa uongo kwa bidii ileile aliyoifanyia wa kweli, labda zaidi. Aliyeyusha vioo kumi na kimoja visivyofaa kitu. Vingine viliteleza lakini vilikuwa vyeupe mno. Vingine vilikuwa na rangi sawa lakini vilinata vidoleni kama tope. Alitia magadi kidogo, akapunguza, akaongeza, akaharibu, akaanza upya. Wa kumi na mbili aliupeleka kwa Daktari Noemi pamoja na wa kweli, kwenye vibakuli viwili, naye mwenyewe akafungwa kitambaa machoni. Mara ishirini alisugua, mara ishirini akataja. Alipatia kumi tu, sawa na anayebahatisha. Akavua kitambaa akicheka kwa furaha ya kushindwa.

Doralice hakuwa akimsemesha. Jandira alimtumia kwa basi mswaki laini, na barua yenye maelezo yote ya Daktari Noemi: ukila chungwa suuza kwa maji, usipige mswaki kabla ya nusu saa kupita, usikandamize. Wiki mbili baadaye mswaki ukarudi kwa dereva yuleyule, umechakaa, una rangi ya kiwi nyeusi. Doralice alikuwa ameung'arishia viatu vya kanisani. Jandira akanunua mwingine, akautuma. Huo haukurudi. Akautuma wa tatu mwezi uliofuata, na huo pia haukurudi.

Katika miezi hiyo, unga wa kweli ulikuwa umejaa kwenye mitungi mezani pake. Kijiko kimoja hakingeonekana. Alipitisha mikono yake humo kila siku, jioni akaiosha hadi viwiko, akaenda nyumbani. Hakumweleza mtu kama ilikuwa vigumu. Wenzake waliona tu kwamba Juni ilipofika, asubuhi ya kwanza yenye barafu kwenye majani, alifika kazini na hakunywa kahawa.

Majaribio ya pili yalikwenda hadi mwisho. Siku ya kufungua bahasha Jandira hakuitwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita fundi kwenye kikao cha namna ile. Alikuwa anapanga vyungu Daktari Noemi alipoingia akitweta, bado ana koti la mvua.

"Bi Jandira, kaa chini."

"Nimeharibu nini?"

"Kaa kwanza. Wale wa unga wa uongo, wanne au watano wanasema wana nafuu. Wale wa kwako…" Akashindwa kumaliza kwa utaratibu wa kidaktari. "Wamelala kitini napuliza hewa, wanasubiri kuruka, hawaruki! Mmoja aliniuliza kama mashine imeharibika."

Jandira aliketi. Akaweka viganja vyake kwenye aproni, akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Sasa nampigia simu nani kwanza?" aliuliza Daktari Noemi. "Unayo namba ya dada yako?"

Doralice alikuja kliniki akiwa amevaa nguo ya kanisani, hakumsalimia mdogo wake aliyekuwa amekaa barazani, akapita. Daktari Noemi alimpaka mwenyewe, mara moja kwa wiki, na nyumbani akaendelea kwa kichupa. Kila wiki alikuja na kupita vilevile. Wiki ya tano alipotoka, hakupita. Alikaa kwenye benchi lilelile, nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Yule daktari wako anaongea sana," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Kanieleza mambo ya tone la mezani. Kwamba ulikwenda mwenyewe kujisema. Kwamba kazi ya watu wote ilirudi mwanzo kwa ajili hiyo." Akakunja mkoba wake, akaukunjua. "Mimi nilidhani ulininyima kwa kuogopa kufukuzwa. Kumbe ulikwenda kutafuta huko huko kufukuzwa."

"Sikutafuta kufukuzwa. Sikuwa na njia nyingine."

"Mama naye alikuwa hivyo. Kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Ungekua naye ungemchoka." Akaufunga mkoba. "Bado nimekasirika, ujue."

"Najua."

"Itachukua muda."

"Sawa, dada."

"Na wewe umekonda. Hizo kemikali ndizo unazokula? Jumapili njoo, nitapika mbavu za nguruwe." Akamshika mkono, akamgeuza kiganja juu, akakitazama kidole gumba kwa makini, kama vile anatafuta mahali ambapo ule ujuzi umejificha.

Daktari Noemi alipoandika taarifa ya kazi ile, mwishoni, baada ya majina ya wenye shahada, aliongeza mistari mitatu kueleza kwamba kasoro ya majaribio ya kwanza iligunduliwa na fundi Jandira Prates, ambaye pia ndiye aliyeitengeneza dawa. Profesa Eurico aliisoma rasimu, akachukua kalamu, akalitoa jina lile kwenye shukrani na kulipandisha juu pamoja na la kwake. Kisha akaenda chumba cha tanuri kumwambia, akamkuta anamfundisha mwanafunzi wa kike kutazama kidirishani.

"Bado," Jandira alikuwa anasema. "Usimsikilize mtu anayekwambia saa. Ukiona ukingo bado, ni bado."

Profesa alisubiri mlangoni mpaka kioo kikamwagwa.

Msimu wa machungwa ulipoisha, Jumamosi moja asubuhi, lori la shamba lilisimama mbele ya kliniki na wakashuka wachumaji kumi na watatu, Doralice mbele kama mkuu wa msafara. Alikuwa amewashawishi kwa wiki nzima. Daktari Noemi alikuwa ameahidi kuwaona wote siku hiyo, na Jandira alikuja kusaidia kuchanganya unga.

Zefa alikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kuleta vurugu. "Ndiye huyu?" aliuliza akimnyooshea kidole Jandira. "Ndiye aliyekunyima dawa karibu mwaka mzima?"

"Ndiye," alisema Doralice.

"Na unatuleta kwake?"

"Ndiyo maana nawaleta. Huyu akikupa kitu, ujue ni kitu. Kaa hapo, fungua mdomo, na kwa mara moja maishani usiseme."

Zefa akakaa. Wengine walijipanga barazani wakitaniana, wakiulizana nani ana meno mangapi yaliyobaki. Jandira alichota unga, akadondosha maji, akausugua kidogo vidoleni kwa mazoea, akaupitisha kwa daktari. Kisha akamgeukia mtu wa pili kwenye mstari, bwana mmoja mrefu mwenye kofia ya majani, akamuuliza anapiga mswaki saa ngapi.

"Baada ya machungwa tu, bibie. Hapo hapo. Tena kwa nguvu zote."

"Vua kofia, kaka, ukae," alisema Jandira. "Mimi na wewe tuna maneno."